Mashuka Ishirini ya Bonge

3 Februari

Mwanangu,

Natumaini unapumua na unakula, maana baba yako anasema sauti yako kwenye simu imekonda. Mimi mzima. Goti la kushoto linauma kabla ya mvua na la kulia linauma baada ya mvua, kwa hiyo nina utabiri kamili wa hali ya hewa. Baba yako, huyo kaka yangu ambaye mama alimpata kabla hajajifunza kulea, amenunua baiskeli. Ana miaka sitini na mitatu. Ameshaanguka mara mbili, na mara ya pili baiskeli ilikuwa imesimama.

Kifurushi chako kimefika. Nimevaa miwani, nimeivua, nimeivaa tena. Hii ndiyo kazi uliyoisomea miaka minne? Umebuni herufi, ukaziita Bonge, na kweli ni bonge. A imetanua miguu kama mtu aliyekatazwa kukaa. S imemeza mto. Tundu la O ni dogo kama kitovu. Hakuna herufi inayokaa kwenye mstari, moja imepanda, jirani yake imeshuka, kama wageni wa harusi waliosikia ngoma kabla ya kupewa viti. Na hiyo alama ya kuuliza! Imeinama kama bibi anayetafuta hereni chini ya kitanda, na nukta yake ndiyo kandambili iliyomtoka mguuni.

Mimi ni msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, mwaka wa ishirini na tisa huu. Nitakuambia neno moja uliandike ukutani kwako: herufi ni kama sakafu. Ukianza kuitazama, ujue umeshajikwaa.

Lakini hasira yangu kubwa si yako, usijipe umuhimu. Ni ya mwenye nyumba. Anataka kulifunga paa la jengo letu, alikodishe kwa watu wa mabango. Paa tunaloanikia nguo, kaya thelathini na nane! Mkataba wetu unasema, kifungu cha kumi na nne, kwamba hawezi kubadili matumizi ya paa iwapo zaidi ya nusu ya kaya zitapinga kwa maandishi. Afisa wa nyumba atakuja kuhesabu tarehe 31 Mei. Tunahitaji kaya ishirini. Tukikosa moja, kuanzia Juni tutaanika chupi sebuleni.

Nimefanya wajibu wangu. Nimeandika waraka, "Paa, Mali na Dhamira: Hoja Kumi na Saba", kurasa nne, herufi nyembamba za heshima, mistari imekaa kama askari. Nimeusukuma chini ya kila mlango. Baada ya wiki tatu nina sahihi tatu. Moja yangu. Moja ya mzee wa chini asiyesikia, aliyedhani natoka posta. Ya tatu ya fundi seremala, aliyesaini jioni na asubuhi akaja kuifuta. Waraka nimeuona ukizuia mlango usigonge, na nimeuona umefungiwa kiatu.

Na yule bwana wa ghorofa ya tatu, mpiga tarumbeta mstaafu niliyemwandikia mwaka juzi "Tarumbeta na Kuporomoka kwa Ustaarabu", amenirudishia waraka na kijikaratasi: "Kurasa nne tu? Kuhusu tarumbeta langu uliandika kumi na moja. Umeishiwa?"

Sijaishiwa. Naandaa toleo la pili, lenye maelezo ya ziada.

Akupendaye japo Bonge halipendi,
Shangazi


26 Februari

Shangazi yangu, shikamoo.

Nimechelewa kujibu, kazi ilibana. Mimi sijambo na ninakula. Poleni na magoti, wewe na baba, maana ameniambia la kwake amelifunga bandeji lakini hasemi lilikutwa na nini.

Nimesoma kuhusu paa. Mimi nimekulia kwenye paa hilo. Kila likizo ulinipandisha na beseni, ukawa unaanika na kunihubiria. Hoja ya kwanza niliyoisikia maishani ilikuwa kuhusu vibanio vya mbao dhidi ya vya plastiki.

Shangazi, naomba nikuulize bila kukukosea adabu: kuna mtu aliyeusoma waraka? Hata mmoja?

Bonge halikutengenezwa kwa mwenye miwani na kiti. Limetengenezwa kwa mtu anayepita amebeba ndoo mbili na mtoto analia nyuma. Huyo hana muda wa hoja kumi na saba, ana muda wa kugeuza shingo mara moja. Bonge halijui kunong'ona. Lipe kurasa nne litakufa, lipe maneno manne litaimba. Linapanda na kushuka kwa sababu jicho ni kama paka, hufuata kinachocheza.

Mkuu wangu wa karakana haamini hivyo. Anasema Bonge litafaa biskuti za watoto tu.

Nakutumia violezo, herufi zote, zimetobolewa kwenye karatasi ngumu. Unakiweka kiolezo, unapaka rangi, unakiondoa. Nimeagiza zikatwe kimo cha mia na themanini, zitoshee tangazo la mlangoni. Jaribu maneno manne tu. Usipoyapenda, zuia nayo mlango.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yangu yako vilevile. Baba yako sasa ana kengele kwenye baiskeli, kwa hiyo watu wanapata taarifa kabla hajaanguka.

Mzigo wako uliletwa na wanaume wawili. Posta waliniuliza kama nimeagiza zulia. Nimelifungua hilo zulia, nikakuta N ndefu kuliko mlango wa jikoni! Ulimwambia nani "mia na themanini" bila kumwambia ni milimita? Wamekata sentimita, mwanangu. Sasa ninaishi na herufi zenye kimo cha mwanamume mzima. W imelala juu ya kitanda changu na mimi nalala pembeni kama mgeni. O iko bafuni, naoga nikiwa ndani ya tumbo lake. Jana usingizi ulinitoka ghafla nikaiona ile alama ya kuuliza imesimama mlangoni, nikaisalimia.

Hakuna karatasi ya ukubwa huu duniani. Hata ingekuwepo nisingetumia. Nina toleo la pili la waraka, kurasa sita, na nimeligawa. Mama wa mapacha wa ghorofa ya kwanza aliniambia ni zuri. Nikamuuliza hoja ipi. Akasema, "Karatasi yake, Dada. Ya kwanza ilikuwa inachanika."

Sahihi ni mbili.

Watu hawakatai kupinga, hilo nimelijua ngazini. Wanaogopa orodha. Kila mtu anataka kusaini wa kumi na tano, na wa kwanza hapatikani. Seremala kaniambia, "Jina la juu ndilo atakaloanza nalo mwenye nyumba." Waoga! Nitawaandikia waraka kuhusu woga.

Kwa ajili ya utafiti tu, wala usifikiri vingine: rangi ipi inashika kwenye kitambaa?

Shangazi


8 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta, kisha nikaona aibu. Sentimita! Naomba radhi, kosa ni langu mwenyewe, fomu ya kukatia ilikuwa na kisanduku cha kipimo nami sikukijaza.

Rangi ya kitambaa ipo, inauzwa kwenye kopo, mwombe muuza rangi ile ya fulana. Ikikauka, piga pasi upande wa nyuma.

Kazini salama tu. Hakuna jipya.

Lakini Shangazi, kitambaa gani?

Mwanao


30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, keti.

Ulipoandika "kazini salama tu, hakuna jipya" nilijua kuna jipya na si salama. Utasema ukiwa tayari. Baba yako naye anasema mkono hauumi kabisa.

Kitambaa ni shuka. Nilitandika shuka langu la zamani sebuleni, nikaweka P juu yake, nikapaka rangi nyeusi, kwa utafiti. Likatosha kama lilishonewa P. Ndipo mama wa mapacha akaingia kuazima vibanio.

"Dada, hiyo nini?"

"P."

"Ya nini?"

"Ya paa. Nawaza, nguo zimeandikwa, zimeanikwa..."

Mapacha wakalala ndani ya tumbo la P ikiwa mbichi. Sasa wana mistari miwili mgongoni hadi leo. Mama yao hata hakukasirika. Alikuwa amekaa kwenye kochi anaitazama tu P, anacheka peke yake. Kisha akasema, "Nipe na mimi herufi yangu. Lakini siandiki jina mahali."

Hapo kichwa kikawaka. Mkataba unasema "kwa maandishi". Hausemi ya ukubwa gani! Wala hausemi kila kaya iandike sentensi nzima. Kila kaya shuka moja, kila shuka herufi moja, na kwenye pindo namba ya mlango. Hakuna jina la juu, hakuna la chini. Nani atamfukuza mtu kwa kosa la kuandika U?

Nilipanda na kushuka ngazi kwa magoti haya. Watu walionikimbia na waraka walinifungulia mlango. Seremala amechukua K, anasema ina miguu ya meza. Mzee asiyesikia amepewa O, kaipenda, kaniuliza kama posta sasa wanatoa bure. Watu wanabishana kuhusu herufi! Kuna wawili waligombea G.

Shida ikawa maneno. Waraka wangu una herufi elfu kumi na kaya ziko thelathini na nane. Nikakata. Nikafika "UBEBERU WA MABANGO UKOME". Nimekata, usiniulize kwa uchungu gani. Tukakutana ngazini nikawasomea. Mama wa mapacha, beseni kichwani, akasema, "Sawa Dada, maneno makali. Lakini nguo zetu zikauke wapi?"

Wote wakapiga makofi. Nikawaambia hilo si tamko, ni swali la mtu mwenye beseni. Seremala akahesabu kwa vidole: "Herufi kumi na tisa, na sisi hapa tuko kaya kumi na tisa." Basi, wakatawanyika kwenda kupaka. Hoja zangu kumi na saba hakuna aliyeziulizia hata afya.

NGUO ZETU ZIKAUKE WAPI. Kumi na tisa. Na kumi na tisa ni nusu kamili, wakati mkataba unataka zaidi ya nusu. Inabaki ile alama yako ya kuuliza, shuka la ishirini. Kaya zilizobaki zimekataa kabisa, nyingine ni jamaa za mwenye nyumba, nyingine wamesafiri. Amebaki mmoja ambaye hajaulizwa, wa ghorofa ya tatu.

Siendi. Kurasa kumi na moja nilizoandika kuhusu tarumbeta lile nazisimamia zote, pamoja na tanbihi.

Shangazi


12 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nenda.

Nimeandika neno moja kwanza ili ulisome hata ukichana karatasi. Kaya kumi na tisa zimetoa mashuka yao ya kulalia, na paa linaondoka kwa sababu ya tarumbeta? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ulimi unaweza kukuponza. Sikumbuki ukisema msemo huo hautuhusu sisi.

Haya, na langu. Kazini si salama. Mkuu ameniamuru nilipunguze Bonge. Anasema mteja mzito hawezi kununua herufi inayocheka. Nimelikondesha, nimelinyoosha, nimelikalisha kwenye mstari. Alama ya kuuliza ameifuta kabisa, anasema inamdhalilisha anayeuliza. Nakutumia chapa ya Bonge jipya. Nadhani wewe utalipenda, ni kama sakafu.

Mwanao


21 Mei

Mwanangu,

Sisalimii, nina hasira.

Nani amekuruhusu? Umenitumia Bonge lililofunga tumbo kwa mkanda! Linafanana na karani anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Herufi nyembamba za heshima zipo duniani tele, mimi nimezisahihisha maisha yangu yote, na hakuna hata moja iliyowahi kumfanya mama wa mapacha akae kwenye kochi acheke. Mwambie mkuu wako: aliyekuwa hasomeki kwa miaka ishirini na tisa ni mimi, wala sikuwa nikicheka. Mwambie mtu anaponyang'anywa paa lake anadhalilishwa na aliyemnyang'anya. Alama ya kuuliza haijamdhalilisha mtu. Inainama, ndiyo. Anayetafuta kitu chake huinama! Rudisha tumbo. Rudisha matumbo yote.

Si kwamba nalipenda. Ni suala la kanuni.

Na nilikwenda. Usishangilie.

Alifungua akasema, "Karibu, Bi Hoja Kumi na Saba."

"Sikuja kuomba radhi."

"Najua. Kaa."

"Nimekuja kuomba shuka."

"Nimesikia ngazini. Jengo zima lina shuka na herufi, mimi nimebaki kama kibanio kilichovunjika." Akalichukua lile tarumbeta ukutani. "Sikiliza wimbo mmoja hadi mwisho. Usiseme kitu. Nitakupa shuka."

Dakika kumi na saba, mwanangu. Nadhani alihesabu makusudi. Nilitaka kusema kitu dakika ya pili, ya tano na ya sita. Ya tisa nilifungua mdomo, akapuliza kwa nguvu zaidi. Baada ya hapo sikumbuki vizuri.

Nilipoinuka nilimwambia tu kwamba kurasa kumi na moja zilikuwa nyingi, labda tatu zingetosha. Hiyo si radhi. Ni uhariri.

Shuka lake ni la rangi ya chungwa. Linatisha.

Shangazi


1 Juni

Mwanangu,

Hujajibu. Nakuhesabia siku.

Jana tulianika. Ilikuwa saa nne asubuhi, afisa wa nyumba chini barabarani na daftari, wakala wa mwenye nyumba pembeni yake na mwavuli bila mvua. Mashuka ishirini ukingoni mwa paa, yote meupe na ya maua, mwishoni moja la chungwa. Mwanzoni yalining'inia kama yamefiwa. Kisha upepo ukaja, matumbo yakajaa. Mwanangu, yalicheza. Dereva wa lori alisimamisha lori akasoma kwa sauti. Nyuma yake wakapiga honi, kisha wakasoma na wao.

Afisa akahesabu. "Ishirini."

"Kumi na tisa!" wakala akapayuka. "Hiyo ya mwisho si herufi. Ni pambo. Tazama, imeinama."

Nilikuwa na jibu la saa moja. Nilikuwa nalo lote, mwanangu, lenye vichwa na vifungu, limefika hapa kooni. Bwana wa tarumbeta alikuwa amesimama karibu yangu, akanitazama tu. Nikamwambia afisa: "Mkataba unasema maandishi. Mimi ni msahihishaji. Hayo ni maandishi." Nikanyamaza. Wapangaji walinigeukia kama nimezimia.

Afisa aliiangalia ile alama ya chungwa kwa muda. Mdomo ukawa unamchezacheza, akaufunika kwa daftari. "Nitatoa uamuzi wangu kwa maandishi, ndani ya mwezi."

"Ya ukubwa gani?" akauliza mama wa mapacha.

Basi tunangoja. Usiku mashuka yamerudi vitandani, kila mtu amelala na herufi yake. Natamani ungesikia ule wimbo wa pili, una mahali unashuka taratibu kama mtu aliyebeba beseni.

Shangazi


20 Juni

Shangazi yangu, shikamoo.

Nisamehe kimya. Nilisubiri niwe na la kusema.

Barua yako ya hasira niliisoma karakana nzima ikisikiliza. Nilipofika kwa karani wa msalani mtu alimwaga wino. Mkuu akaichukua ile barua, akaenda nayo ofisini kwake. Siku ya tatu akatoka, akaniuliza, "Huyo shangazi yako ana watu wangapi kwenye jengo?" Nikamwambia, "Ishirini, na wewe wa ishirini na moja ukitaka." Bonge limerudi na matumbo yote. Alama ya kuuliza ameibandika mlangoni kwake. Watu wakitaka kuingia wanaitazama, wanacheka, wanasahau walichokwenda kugombea.

Sasa mwezi unakwisha na sijui kama paa lipo. Nimempigia baba, ana plasta mkononi na anazungumzia breki tu. Niambie, Shangazi. Lipo?

Na jambo dogo. Umeandika "ule wimbo wa pili". Ulisema ulisikiliza mmoja.

Mwanao


3 Julai

(Foronya ya rangi ya chungwa, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha. Juu yake, kwa rangi nyeusi, herufi zimejaa kutoka pindo hadi pindo:)

HAPA

(Na pembeni, kwa penseli:)

Uamuzi umefika jana. Nimeusoma mara moja tu, haukuwa na makosa.

Baba yako ameanguka tena. Safari hii aliyevunjika ni baiskeli.

Alama ya kuuliza nimeiacha ghorofa ya tatu.

Sh.